Wimbi Limekwenda Wapi? Niliyoyapitia Nikitengeneza Nyaya za Nano Mombasa

Huwa napokea ujumbe kutoka kwa wanafunzi wanaotaka kujua ni wapi hupatikana nitrati ya fedha, kemikali inayotengenezewa nyaya za nano. Nami huwajibu kwa swali: unataka kulizuia wimbi gani la redio au rada, na ukishalizuia unataka liende wapi? Wengine hununa wakidhani nawaficha duka. Lakini swali hilo lilikula sehemu kubwa ya masomo yangu ya uzamili, pesa za mradi na nyingine za nyumbani, na sioni sababu ya mtu mwingine kulilipia tena.

Mradi ulianzia baharini. Tulikuwa na kisanduku cha plastiki chenye vihisi vya joto na kina cha maji, kimefungwa juu ya mashua ya uvuvi. Ndani yake mlikuwa na redio ndogo ya gigahezi 2.4 ya kutuma vipimo ufukoni. Mashua ikiwa upande wa Tudor, namba zilitulia. Ikipita Kilindini karibu na meli kubwa, namba ziliruka ovyo. Rada nyingi za meli hufanya kazi kwenye gigahezi 9.4 hivi, zikirusha mapigo mafupi yenye nguvu huku antena ikizunguka, na kila antena ilipotugeukia vihisi vilisema uongo. Plastiki tupu haizuii kitu hapo.

Mjomba wangu, fundi wa mashua Mji wa Kale, aliangalia mara moja tu. "Kitie ndani ya debe, mwanangu, yaishe." Nilicheka kidogo. Chuoni tulitaka kitu chepesi, cha kupakwa juu ya plastiki, kisichoota kutu, na zaidi ya yote kitakachotoa tasnifu. Wazo lilikuwa kompoziti: nyaya za fedha nyembamba mno zilizotawanywa ndani ya epoksi, gundi ya plastiki inayoganda.

Wazo lenyewe si baya. Mwaga mbaazi chache sakafuni, hazitagusana. Mwaga chelewa za uzito uleule, zitalaliana kila upande, na mdudu ataweza kutembea juu yake kutoka ukuta hadi ukuta bila kugusa chini. Nyaya za nano zina kipenyo cha chini ya nanomita 100 na urefu wa mikromita kumi, ishirini au zaidi, yaani urefu ni mamia ya mara ya unene. Kwa umbo hilo, njia ya umeme huanza kuungana ndani ya epoksi hata nyaya zikiwa chini ya asilimia 1 ya ujazo. Poda ya chembe za mviringo hudai kiasi kikubwa zaidi kwa mbali, na rangi yake huwa nzito na hupasuka. Pia kuna faida ambayo watu huisahau: kwenye gigahezi 10, mkondo ndani ya fedha hupita kwenye tabaka la nje tu, kina cha mikromita 0.64 hivi. Uzi mwembamba kuliko hapo hutumika wote, hakuna fedha inayokaa bure katikati.

Basi nikaingia maabara. Njia tuliyofuata ni ile inayojulikana zaidi: unapasha moto ethilini glikoli hadi nyuzi 160 hivi za selsiasi, unaitia nitrati ya fedha polepole, pamoja na PVP, ambayo ni polima inayoshika mbavu za uzi ili ukue kwa urefu na si kwa unene. Huhitajika pia kloridi kidogo sana, chembe ya chumvi tu. Kuna aliyenishauri nitumie kulanti ya gari, kwa kuwa nayo ni glikoli. Usijaribu. Kulanti ina maji, rangi na dawa za kuzuia kutu, na zote hizo huingilia. Nunua glikoli safi, na kumbuka ni sumu ikinywewa, kwa hiyo isikae kwenye chupa ya soda. Nitrati ya fedha yenyewe hakuuzii mtu hivi hivi dukani. Jitayarishe na barua ya idara, na ukiipata itunze gizani.

Vaa glavu. Nasema hivi kwa sababu nitrati ya fedha ikigusa ngozi haionekani, kisha mwanga ukiipiga mkono unakuwa mweusi na haitoki kwa sabuni wala ndimu. Unasubiri ngozi yenyewe ibadilike. Nilikwenda harusini Kibokoni na vidole vyangu hivyo, na kina mama wakaniuliza hina hii nimepakwa na nani ili wasimwite.

Lililotusumbua muda mrefu halikuwa kwenye maandishi ya mtu yeyote. Mchanganyiko uligeuka maziwa mara tu nitrati ilipoingia, ukatupa unga mweupe chini badala ya nyaya. Glikoli ilikuwa safi, nitrati mpya. Kumbe ni maji. Visima vingi vya kisiwani vina chumvichumvi, na siku ambazo bomba lilikauka vyombo vilioshwa kwa maji ya kisima. Kloridi iliyobaki kwenye kuta za chupa ilitosha kuikamata fedha na kuifanya kloridi ya fedha kabla uzi haujazaliwa. Chumvi kidogo ni dawa, ikizidi ni hasara tupu. Tangu hapo chupa husuuzwa mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, tena mara kadhaa, na hukaushwa. Ukiwa Mombasa, anza na hili kabla ya kumshuku muuza kemikali.

La pili ni stima. Kazi hii hutaka joto lisilotetereka na ukorogaji wa taratibu kwa muda mrefu. Ikikatika katikati, nyaya huacha kukua, na stima ikirudi unapata vijiti vifupi vilivyochanganyika na punje. Betri ya kompyuta haiwezi kubeba sahani ya moto. Kilichotusaidia ni kuiweka chupa ndani ya karai kubwa la mafuta ya silikoni, maana mafuta mengi hupoa polepole. Kukatika kwa muda mfupi hakukutusumbua tena. Kukatika kwa muda mrefu hakuna dawa, unamwaga.

Kumwaga nako kuna adabu yake. Fedha iliyoyeyuka ni sumu kwa viumbe wa majini, na sinki zetu zinajulikana zinakoishia. Kusanya taka kwenye ndoo, tia chumvi, fedha itatuama kama unga, kisha iwekwe au irejeshwe. Hapo ndipo maji ya kisima yanapofaa.

Utajua umefaulu kwa macho. Mchanganyiko hupita manjano, hufika kijivu, na ukiizungusha chupa utaona mmeremeto unaotembea ndani yake. Siku ya kwanza kuuona nilimpigia mamangu simu, naye akauliza kama sasa nitamaliza shule.

Kuosha ni kwa asetoni, nyaya zituame, umwage maji ya juu, uzirudishe kwenye ethanoli. Rudia, kwa sababu PVP nene ikibaki juu ya uzi huwa ganda lisilopitisha umeme, na nyaya hulaliana bila kugusana kweli. Zisikauke zikawa vumbi la kuvutwa puani. Zitunze ndani ya kimiminika. Kisha usizitie kwenye mashine ya mitetemo ya ultrasoniki ukadhani unazichanganya vizuri. Wengi hufanya hivyo kwa kuwa ndivyo poda nyingine zinavyotawanywa. Mitetemo huzikatakata, na urefu ambao ndio uliokufanya ulipie fedha unapotea. Kuzungusha chupa juu ya rola polepole kunatosha. Epoksi nayo iwe imeanza kushika kidogo kabla ya kumimina, vinginevyo nyaya zitatuama na utakuwa na bamba lenye fedha upande mmoja.

Sasa nije kwenye lililo kubwa, kwa sababu hadi hapo ilikuwa kemia tu, na kemia husameheka.

Bamba la kwanza lilipokauka tulilipima kwa mita ya fundi wa redio, na sindano ikaonyesha ukinzani mdogo sana. Shangwe. Mita hiyo husema umeme wa betri unapita. Haikwambii wimbi la gigahezi 9 linafanya nini. Kwa hilo unahitaji mashine inayorusha wimbi, ikapima kilichorudi na kilichopenya. Watu wa fani huiita VNA. Ni ghali, na ile tuliyopewa ruhusa kuitumia ilikuwa Nairobi. Nauli ya treni na malazi vilikuwa kitu kidogo. Saa za mashine ndizo zilizouma, kwa hiyo zingatia haya kabla hujapanda treni.

Kwa masafa ya gigahezi 8.2 hadi 12.4, sampuli hukaa ndani ya bomba la mstatili lenye uwazi wa milimita 22.86 kwa 10.16. Si 23 kwa 10. Sampuli zetu za mwanzo zilikatwa kwa rula na msumeno, zikacheza ndani ya bomba, na wimbi likapita kwenye mwanya wa pembeni bila kulijali bamba. Namba ulizopata hapo ni za mwanya. Kata kubwa kidogo, kisha ipige tupa huku ukipima kwa kalipa, na kingo zipake gundi yenye fedha. Sawazisha mashine kila asubuhi, usiguse nyaya zake baada ya hapo, na kabla ya sampuli yoyote pima bomba tupu, kisha bamba la shaba. Tupu ikikwambia kuna kilichopotea, au shaba ikakwambia kuna kilichopenya, simama hapo hapo. Tena beba sampuli za akiba. Zilizovunjika njiani haziungwi.

Tulipopata namba za kuaminika zilikuwa nzuri mno: desibeli 30 na kitu. Desibeli 20 maana yake asilimia 1 tu ya nguvu imepenya. 30 ni sehemu moja ya elfu. Hapo ndipo penye mtego, na nitauandika taratibu.

Chukua nguvu ya wimbi kuwa 100. Tuseme 90 zinarudi zilikotoka, 10 zinaingia ndani ya bamba, na kati ya hizo 10 inatoka 0.1 upande wa pili. Jumla ya kinga ni desibeli 30. Kwa desturi, desibeli hizo hugawanywa mafungu mawili: la kuakisi linapata 10 na la kufyonza linapata 20, kwa sababu fungu la pili huhesabiwa kwa kile kilichoingia tu. Ukisoma mbio utaandika, kama walivyoandika wengi, kwamba bamba lako linafyonza maradufu ya linavyoakisi. Rudi kwenye 100 zako. Zilizoakisiwa ni 90. Zilizofyonzwa ni 9.9. Bamba hilo ni kioo.

Kwa rada ya meli, kioo kinafaa kabisa. Tulipaka kisanduku, tukakipeleka Kilindini, na rada haikukigusa tena. Ila namba bado ziliruka, safari hii hata tukiwa Tudor peke yetu, hakuna meli. Mjomba alisikiliza maelezo yangu yote, akanywa kahawa yake, akasema: "Umemfungia nje mgeni, ukamfungia ndani mwenye nyumba." Redio yetu ya 2.4 ilikuwa na antena juu, lakini moduli yenyewe huvujisha kidogo, na kile kidogo kilichokuwa zamani kinapotea hewani kupitia plastiki sasa kiligonga kuta za kioo, kikarudi, kikagonga tena. Kisanduku cha namna hiyo kina masafa yake kinayopenda, na kikiyapata hujaa. Vihisi vilikuwa vinasumbuliwa na sauti ya nyumbani kwao.

Basi kinga na ufyonzaji ni kazi mbili. Ili wimbi lifyonzwe, kwanza likubali kuingia, na halikubali kama linakutana ghafla na kitu kilicho tofauti mno na hewa. Hewa ina impidansi, yaani ukinzani wake kwa wimbi, ya omu 377. Bamba lenye fedha tele lina kidogo sana. Dawa yake ina umri mkubwa. Winfield Salisbury, Mmarekani, alipewa hataza mwaka 1952 kwa skrini iliyo rahisi ajabu: karatasi yenye ukinzani wa omu 377 kwa mraba (mraba wa ukubwa wowote), iliyoinuliwa robo ya urefu wa wimbi kutoka kwenye chuma. Mawimbi yanayorudi kutoka kwenye karatasi na yale yanayorudi kutoka kwenye chuma hukinzana yakafutana, na nguvu inabaki kwenye karatasi kama joto dogo.

Kwa nyaya za nano, maana yake ni kwamba tulikuwa tukizidisha fedha pale ambapo tulitakiwa kuipunguza. Utando wa omu 377 kwa mraba hutaka nyaya chache sana, zilizovuka kidogo tu kiwango cha kuungana. Chupa moja iliyotengeneza bamba moja la kioo ingetandaza eneo kubwa la ufyonzaji. Nilipoona hesabu hiyo nilikaa kimya nikifikiria bei ya nitrati.

Ukitaka safu nene badala ya skrini, piga hesabu ya unene kwanza. Kwenye gigahezi 10 urefu wa wimbi hewani ni milimita 30. Ndani ya kompoziti yenye pemitiviti 9 (kipimo cha jinsi kitu kinavyoitikia uga wa umeme) unakuwa milimita 10, na robo yake ni 2.5, inapakika. Kwenye 2.4 urefu hewani ni milimita 125, na kwa kompoziti ileile robo inafika milimita 10 na ushei, tofali kabisa. Ndiyo maana wenzetu hugeukia nyaya za nikeli, kobalti au chuma, ambazo zina usumaku: usumaku husaidia impidansi ilingane na ya hewa na hupunguza unene. Hukuzwa kwa umeme ndani ya vitundu vya alumina, kisha alumina huyeyushwa kwa magadi makali. Nguvu hiyo ya usumaku nayo hushuka masafa yanapopanda, kwa hiyo si muujiza.

Kosa linalofanyika sana hapa ni kuubandika utando wenye ukinzani moja kwa moja juu ya chuma. Pale kwenye uso wa chuma uga wa umeme ni sifuri au karibu na hapo, kwa hiyo utando hauna cha kufyonza. Uinue. Sisi tuliuweka juu ya kipande cha foamu chini ya kifuniko, si robo kamili ya wimbi kwa sababu nafasi haikuwepo, ila kadiri ilivyowezekana. Namba zikatulia.

Halafu ukaja msimu. Vipande vya majaribio tuliviacha juu ya paa karibu na mikoko ya Mikindani, vingine vyenye tabaka la epoksi juu, vingine wazi. Anayeijua ile harufu ya tope maji yakipwa anajua nini kilitokea: ni gesi ya salfidi ya hidrojeni, na fedha haipatani nayo. Sonara yeyote wa Mji wa Kale atakwambia mkufu wa fedha huwa mweusi, lakini mkufu una nyama ya kutosha, unasuguliwa unang'aa. Uzi wa makumi ya nanomita hauna cha kusugua. Vipande vilivyokuwa wazi vilipoteza upitishaji wake; vilivyofunikwa vilidumu, isipokuwa pembeni palipokatwa, ambapo unyevu uliingia na weusi ukatambaa kuelekea katikati. Funika uso, kisha ziba kingo baada ya kukata, si kabla. Shaba ni rahisi kwa bei, lakini nyaya zake hushikwa na oksijeni hata haraka zaidi. Na usiache fedha iguse aluminiamu kwenye hewa ya chumvi, maana aluminiamu italiwa na utakuta unga mweupe kwenye kila bawaba.

Kisanduku kilichopo sasa juu ya mashua, nikiri, kingemfurahisha zaidi mjomba kuliko mkaguzi wa tasnifu. Nje ni bamba la aluminiamu lililopakwa rangi. Nyaya za fedha zipo ndani tu, utando mmoja mwepesi juu ya foamu, umezibwa kote. Kazi nyingi ya mwisho haikuwa ya nano hata kidogo: mwanya wa kifuniko wenye urefu wa milimita 16 ni nusu ya urefu wa wimbi la rada, na mwanya huo hupitisha kama antena hata ukuta ukiwa wa dhahabu. Tulikaza skrubu karibu karibu na kuweka mpira wenye kupitisha umeme. Waya wa kihisi unaopita kwenye tundu nao huingiza wimbi ndani, kwa hiyo una kichujio pale pale unapoingia.

Habari zilipoenea mtaani, jirani alinifuata akitaka rangi hiyo ya kupaka chumba cha kulala, kuna mnara wa simu nyuma ya nyumba yake. Nilimuuliza lile swali langu: simu yake ikiwa ndani ya chumba hicho, wimbi lake litatoka wapi? Nikamweleza kwamba simu ikiukosa mnara huongeza nguvu ya kurusha ili iufikie, na ikishindwa kabisa hakuna atakayempata. Alifikiri, akasema mke wake analala chumba kile, yeye hulala sebuleni, na rangi ni bei gani kwa lita.